Ombi la Kuondolewa kwa Vizuizi Vyote Vilivyo Kati ya Mama Yangu na Binti Yake

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji, ndugu Katibu, na ninyi wapangaji wenzangu mnaosomewa barua hii mkiwa mmekaa kwenye ngazi kwa sababu viti vya kamati havijawahi kutosha,

Nawasalimu kwa heshima zote anazostahili mtu ambaye punde si punde ataombwa ahamishe sofa yake.

Ni uungwana mtu kujitambulisha kabla ya kulalamika. Mimi ni yule mkaguzi wa shule mstaafu wa ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, ninayeishi na mama yangu mzazi. Wengi wenu mnanifahamu kwa sauti, kwani naambiwa kwamba ninapozungumza na kompyuta yangu nasikika hadi kwenye maegesho ya magari. Kompyuta hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni kompyuta mpakato mpya kabisa; mfuniko wake bado una ile nailoni ya dukani, ambayo mama amekataza isibanduliwe mpaka tujiridhishe kwamba chombo hiki kina adabu.

Niliinunua kwa shabaha moja tu. Kila Jumapili alasiri mama huzungumza kwa video na mdogo wangu, kitinda mimba wake, ambaye ni muuguzi katika nchi ya mbali. Hapo awali walizungumza kwa simu yangu ambayo kioo chake kina ufa, na mama alikuwa akinung'unika kwamba binti yake anazidi kuwa mdogo kuliko siku aliyomzaa. Nikaona haya. Nikanunua kompyuta yenye kioo kipana, nikaiinua kwa majalada ya kanuni za elimu hadi ikalingana na macho ya mama, tukakaa.

Mambo yalianza vyema. Binti aliulizia magoti ya mama, na magoti yakaelezwa kwa kirefu. Mama aliuliza kama anakula, akahakikishiwa kwamba anakula. Ndipo mama akauliza swali ambalo huliuliza kila Jumapili: "Na nyumbani unarudi lini, mwanangu?" Papo hapo picha ikaganda, kama ilivyokuwa ikiganda hata kwenye simu. Mdogo wangu akabaki amekodoa macho, kichwa kimelala upande, na mdomo, ndugu wapangaji, umepinda kushoto kama wa mtu aliyeonja dawa ya minyoo. Sura hiyo ilikaa mbele yetu, pana na angavu kwa ubora wote niliolipia, mpaka mawasiliano yakakatika.

"Amenibetulia mdomo," mama akasema.

Nilimweleza kwa utaratibu kwamba huo ni mtandao. "Mtandao una mdomo?" akaniuliza, akanyanyuka, akaenda zake jikoni.

Tangu siku hiyo mama amesusa. Jumapili iliyofuata alikaa mezani akiwa ameipa kompyuta mgongo, na kila neno likawa linapitia kwangu. "Mwambie huyo wa kwenye kioo kwamba mama yake yu hai." Nikamwambia. "Mwulize kama mdomo umenyooka." Nikauliza. Nimekuwa mkalimani wa watu wawili wenye lugha moja, mmoja wao akiwa ndiye aliyemfundisha mwenzake kuisema. Na sasa mama ametangaza kwamba ikitokea mara nyingine, hatakaa tena mbele ya chombo hicho maisha yake yote. Yeye si mtu wa kutishia bure. Kuna shangazi yangu aliyewahi kutangaziwa hivyo na akaaga dunia akiwa bado hajasemeshwa. Mama ni mtu mzima sana. Sina muda wa kuwasubiri wapatane kwa kasi ya mtandao huu.

Msidhani kwamba nimekimbilia kamati kabla ya kujisaidia mwenyewe. Niliwapigia simu watoa huduma. Akapokea binti mwenye sauti ya upole. "Baba, umejaribu kuizima na kuiwasha?" Nikamjibu kwamba kompyuta imezimwa ikawaka, anayekataa kuwaka ni mama. Akaniongoza niusahau mtandao na kujiunga nao upya, nisasishe programu, nisogee karibu na dirisha, nisogee mbali na dirisha. Mwisho akapima yeye mwenyewe kutoka huko aliko. "Kasi yako iko sawa kabisa, baba," akasema. "Nzuri kuliko ya kwetu hapa ofisini." Nilimshukuru na kukata simu. Nimekagua shule nyingi katika maisha yangu, na najua thamani ya taarifa inayosema kila kitu kiko sawa: aliyeiandika anataka mgeni aondoke kabla hajafungua mlango wa stoo.

Ndipo nikausoma mwongozo. Unasema kwamba mawimbi ya mtandao hudhoofishwa na umbali, vioo, maji, oveni za maikrowevu na mitandao ya watu wengine. Nikausoma mara ya pili, na ukweli ukanijia kama kofi. Hivyo havikuwa vizuizi tu. Hao walikuwa majirani zangu.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Ruta ya jengo imetundikwa ghorofa ya chini, juu ya mlango wa Mwenyekiti mwenyewe. Sisemi kwamba Mwenyekiti anakula kasi yetu. Nasema tu kwamba wajukuu wake hutazama katuni bila kukwama, na kwamba nilipopita hapo nikiwa nimeibeba kompyuta mikononi, imefunguliwa, kama mtu anayetafuta bomba lenye maji, ili nione mtandao unapatikana wapi, mkewe alinipigia kelele kutoka dirishani: "Mkaguzi, na ndoo je, umeisahau?" Watu walicheka. Mimi nilinukuu vipimo. Halafu ruta yenyewe hutoa mawimbi ya aina mbili: yapo yanayofika mbali lakini kwa kujikokota, na yapo yaendayo mbio lakini yanashindwa na ukuta wa kwanza. Katika ukoo wetu tuna mashemeji wa aina zote mbili, na hatujawahi kumtegemea yeyote kati yao kwa jambo la haraka. Naomba ruta ihamishiwe sebuleni kwangu. Natambua kwamba huo utaonekana kuwa ni upendeleo. Ni upendeleo kweli, ila ni wa kiufundi.

2. Kioo cha msusi, ghorofa ya kwanza. Kioo hicho kimechukua ukuta mzima, na mawimbi yakikigonga hurudi yalikotoka, yakiwa yamejitazama na kujipenda. Nilimwendea mwenyewe nikamwomba akigeuze Jumapili alasiri. Alikuwa ameshika kichwa cha mteja kwa mikono miwili. "Mkaguzi," akaniambia bila kugeuka, "nikikigeuza, wateja wangu watajitazama wapi, kwenye upara wako?" Na mteja akacheka hadi msuko ukamponyoka mwenye kusuka. Sikukasirika. Naomba kamati iagize kioo kigeuzwe, nami najitolea kukaa saluni muda wote huo na kumweleza kila mteja, kwa mdomo na kwa ukweli, jinsi anavyoonekana.

3. Samaki wa daktari wa meno. Daktari ameweka tangi la maji kwenye chumba cha kungojea ili kuwatuliza wagonjwa. Maji hunywa mawimbi. Maana yake ni kwamba salamu za mdogo wangu kwa mama yake zinamezwa na samaki watano wa rangi ya chungwa, ambao hawana wazazi wala hawana taarifa nao. Naomba tangi limwagwe kila Jumapili. Daktari aliniuliza samaki waende wapi. Nadhani mtu anayewang'oa watu meno bila kuwauliza yatakwenda wapi ana uwezo wa kulipatia jibu swali hilo.

4. Maharusi wa ghorofa ya pili. Nawapongeza tena. Hata hivyo, ndugu wajumbe, tangu waoane wana maikrowevu waliyopewa zawadi, na oveni hiyo huwashwa saa ile ile mama yangu anapokaa mezani. Sijui ni kitu gani kinachohitaji kupashwa moto mara nyingi kiasi hicho katika nyumba ya watu wawili. Niligonga. Akafungua bwana harusi, akiwa na sahani mkononi, na kabla sijamaliza utangulizi wangu akamwita mwenzake: "Mpenzi, njoo umsikie Mkaguzi, anasema chakula chetu kinaingia kwenye video ya mama yake!" Naomba wale chakula baridi Jumapili moja. Watu wamevumilia makubwa zaidi kwa ajili ya mama mkwe, na huyu mama yangu hata si mkwe wao. Hawatadaiwa chochote kingine.

5. Sasa nafika kwenye jambo nyeti. Mwongozo unasema maji hudhoofisha mawimbi. Vitabu vya sayansi vinasema mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Yeyote aliyewahi kusoma ataunganisha mambo haya mawili bila msaada wangu. Ghorofa moja chini, usawa wa meza yangu hasa, kwenye mstari ulionyooka kutoka kwenye ruta, anakaa dereva wa lori ambaye sote tunampenda na kumwita Tangi. Jumapili Tangi hupumzika. Hujilaza kwenye sofa kwa upana, akaifunga njia yote ya mawimbi kama lori lililokwama darajani. Nilimwomba, kwa lugha laini, alale kwa urefu, miguu ikielekea mtaani. "Mkaguzi," akasema, "hata mke wangu hajawahi kunipangia mwelekeo wa kulala." Mkewe akadakia kutoka chumbani: "Nimejaribu! Hageuki!" Naomba sofa ihamishwe. Na kwa siku za usoni, naomba kamati ifikirie kuwapanga wakazi wa jengo hili kwa unene, wembamba tukikaa katikati, ili kila mmoja apate haki yake ya mawasiliano.

Hapa sina budi kujibu pingamizi la fundi cherehani wa ghorofa ya chini, ambaye alinisikia nikimweleza Tangi hayo yote, akaniuliza akiwa na pini mdomoni: "Lakini Mkaguzi, mbona inaganda kwenye swali lile lile tu?" Ni swali zuri kwa mtu ambaye hakubobea. Maswali hayana uzito mmoja. Umekula nini, kuna baridi, paka wa jirani amezaa: hayo ni maneno mepesi, hupita popote, hata kwenye simu ya ufa. Bali swali la "unarudi lini" ni zito mno. Limebeba miaka, limebeba chumba kilichofungwa ambacho mama hufagia kila Jumamosi na shuka anazobadilisha bila kulaliwa. Swali kama hilo linapoanza kupanda kwenda huko angani, mtandao dhaifu huzidiwa, na jibu lake, ambalo bila shaka ni zito vilevile, hushindwa kushuka. Fundi alitikisa kichwa na kurudi kwenye cherehani yake. Nadhani alielewa.

6. Wapo miongoni mwenu wenye ruta zao binafsi, na mawimbi yao yanagombania njia na yetu. Ninapofungua kompyuta, huletewa majina ya mitandao yenu. Kuna unaoitwa Nunua Wako. Kuna unaoitwa Usiombe Nywila. Wiki iliyopita umezuka mwingine unaoitwa Mkaguzi Usijaribu. Sitapeleleza ni wa nani, ingawa huonekana kwa nguvu zaidi nikisimama karibu na mlango wa maharusi. Naomba mitandao hiyo yote izimwe Jumapili alasiri, pamoja na redio, televisheni, pasi, na simu zote, zikiwemo za wale wanaosema zao ni za tochi tu.

7. Na baada ya kuyatafakari hayo yote, nimetambua kwamba nimekuwa nikiwasumbua bure mmoja mmoja. Kioo bila msusi hakina madhara ya kudumu. Tangi akiondoka, sofa yake ni mbao na sponji. Kizuizi chenyewe ni sisi, kwa ujumla wetu. Kwa hiyo naomba, badala ya haya yote, au pamoja nayo, kwamba Jumapili ijayo alasiri wapangaji wote watoke nje ya jengo, wavuke barabara, na wasimame upande wa pili wakiwa kimya mpaka mama yangu aulize swali lake na ajibiwe. Wagonjwa watabebwa. Watoto wachanga watanyonyeshwa mapema. Ikinyesha mvua, ieleweke kwamba mtu aliyelowa ana maji mengi kuliko mkavu, hivyo hataruhusiwa kurudi ndani mpaka akauke. Nitawapungia mkono kutoka dirishani mambo yakikamilika. Kama mama atacheka, nitapunga kwa mikono miwili.

Ndugu Mwenyekiti, mtaona kwamba sijaomba chochote kwa ajili yangu. Sitaki katuni, sitaki mpira, sitaki filamu. Nataka tu mwanamke mmoja ageuze kiti chake. Kama jengo zima haliwezi kumpatia hilo, sijui tunalipaka rangi kwa ajili gani.

Fikisheni salamu zangu kwa mke wa Mwenyekiti na dirisha lake, kwa msusi na vichwa vyote vilivyo mikononi mwake, kwa daktari, kwa samaki wa daktari, kwa maharusi wakipata nafasi, kwa Tangi akiamka, na kwa fundi cherehani, ambaye namwomba atoe pini mdomoni anapozungumza na watu wazima.

Wenu katika kupanda na kushuka ngazi hizi,

Mkaguzi mstaafu,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.

Nyongeza, baada ya saini. Kwa kuwa Katibu alishikwa na mafua na mkutano ukaahirishwa, barua hii imelala mezani kwake wiki nzima, na katika wiki hiyo mambo yamegeuka kiasi kwamba sina budi kuiharibu kwa mkono wangu. Naomba isomwe yote, na sehemu hii isomwe kwa sauti ile ile.

Nakala yangu nilimsomea mama, nikitarajia baraka zake. Alisikiliza hadi pale mnapovuka barabara, akiwa anakunja nguo. Kisha akasema, "Na pazia?"

Nikamwuliza pazia lipi.

"La dirishani kwake, nyuma ya kichwa. Lilikuwa likipepea muda wote ule. Hebu niambie wewe uliyesoma: ni mtandao gani unaomgandisha mtu ukaliacha pazia lake linacheza?"

Nilikaa chini. Mama akaendelea kukunja. Akasema kwamba kwenye simu ile ya ufa asingeona lolote. Ni kompyuta hii mpya, yenye picha isiyo na doa, ndiyo iliyomwonyesha. Mdomo uliopinda haukumwudhi kitu, ule ni mdomo wa baba yetu na alikwisha kuuzoea. Kilichomwudhi ni mtoto aliyemzaa kudhani kwamba mama yake haoni.

Nilimpigia mdogo wangu kwa simu ya kawaida, isiyo na sura ya kugandisha. Kwanza alikana. Kisha alicheka. "Kaka, nimeongeza mkataba," akasema. "Mwaka huu sirudi, na mwakani sijui. Mama akiniuliza sipati pa kuanzia, basi natulia vile vile mpaka mmoja wenu aseme ni mtandao, halafu nakata." Nilimwuliza kuhusu mdomo. Akasema siku ile chafya ilimjia katikati ya kutulia, na akajitahidi kuizuia.

Ndugu wapangaji, kasi yetu iko sawa kabisa. Yule binti wa huduma alisema kweli. Nayafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la saba, na nawaomba radhi kwa kiwango kile kile nilichowasumbua.

Jumapili mama aligeuza kiti mwenyewe. Mdogo wangu alieleza yote, habari ya mkataba na sababu zake, kwa mikono isiyotulia hata kidogo. Alipomaliza akauliza, "Mama, umenielewa? Umekasirika?"

Mama hakujibu. Mdomo wake ulikuwa wazi nusu, macho yamesimama, hata kope haikutikisika.

"Mama? Mama! Kaka, mtandao wenu umekwama!"

Na mimi, niliyekuwa nimekaa ubavuni mwa mama, kwenye chumba kimoja, kiwiko kikigusana na kiwiko, nilikuwa nimekwisha kuinuka kwenda kuizima na kuiwasha kompyuta. Ndipo mama akaachia pumzi, akaanza kujisugua shingo.

"Kumbe kuganda kunauma hivi," akamwambia binti yake. "Pole, mwanangu. Haya, hebu nieleze tena polepole, huo mkataba unaanza lini na kwisha lini?"